Ukanda wa mlango wa Volkswagen ya zamani: kuutafuta, kuunyoosha na kuutengeneza

SWALI: Heshima yako fundi. Marehemu baba aliniachia Volkswagen Beetle 1500 ambayo kadi yake inasema ni ya mwaka 1967, nayo ilikaa miaka mingi chini ya mwembe hapa Upanga. Bodi imekwisha kunyooshwa na inasubiri rangi. Ukanda wa kung'aa wa mlango wa kushoto haupo kabisa, wa kulia umebonyea katikati, ukanda mwembamba unaozunguka raba ya kioo cha mbele umepotea, na mpini wa nikeli wa boneti umejaa vishimo. Fundi rangi ananishauri tuzibe matundu ya klipu kwa pati, kisha tubandike ukanda wa plastiki wa gari la kisasa. Bampa niliyoagiza Marekani kwa kutaja mwaka wa kadi imekuja haifanani na iliyomo kwenye gari. Namba ya chesesi inaanza na 118. Nifanyeje?

JIBU: Dada yangu, pole kwa msiba, na hongera kwa kuamua gari la mzee lisiishie kuwa chuma chakavu. Jambo la kwanza, ambalo nakuomba ulifanye leo kabla ya jingine lolote, ni kumzuia fundi rangi asizibe tundu hata moja. Matundu yale ndiyo kipimo bora ulichobakiwa nacho cha ukanda usiokuwepo: yanaonyesha ulipita kimo gani, uliishia wapi, na ulishikwa na klipu za ukubwa gani. Yakishazibwa na kupigwa rangi, hata ukija kupata ukanda halisi mwakani itabidi utoboe bodi mpya kwa kukisia, na ukanda uliokaa chini kidogo kuliko mwenzake wa upande wa pili huonekana kwa kila anayepita.

Sasa tuje kwenye bampa, kwa sababu kosa lililoileta litaleta na mengine usipoligundua. Volkswagen ilikuwa ikianza kutengeneza toleo la mwaka unaofuata mwezi wa Agosti. Katika namba za chesesi za miaka ile, kuanzia toleo la 1965, tarakimu mbili za mwanzo hutaja aina ya gari na ya tatu hutaja mwaka wa toleo. Namba yako ya 118 inasema kwamba hii ni Beetle ya toleo la 1968, iliyotoka kiwandani kati ya Agosti 1967 na Julai 1968; kadi iliandika mwaka wa kalenda, na kwa hiyo kadi haikudanganya, ila muuzaji wa spea hahesabu kwa kalenda. Tofauti ya matoleo hayo mawili si ndogo. Kwenye toleo la 1968 la Beetle 1500 bampa ni nene, zimenyooka na zinakaa juu zaidi, kioo cha taa za mbele kimesimama wima, na mafuta hujazwa kupitia kijimlango kilicho nje ya bodi badala ya kufungua boneti. Hakikisha namba yenyewe kwenye handaki la chesesi (sehemu iliyoinuka katikati ya sakafu) chini ya kiti cha nyuma, uilinganishe na kibati kilicho mbele nyuma ya tairi la akiba, kwa maana magari ya umri huu mara nyingi yamebadilishwa vipande na mafundi waliotangulia.

Hata hivyo, usichukulie kwamba kila kipande cha 1967 hakikufai. Nyembe hizi za pembeni, yaani kanda za kung'aa kama ule wa mlango wako, ni mfano mzuri: toleo la 1967 ndilo lililoanza kutumia ukanda mwembamba na klipu zake ndogo, na gari lako likaendelea nao, kwa hiyo ukanda wa mlango wa toleo la 1967 utakufaa, ilhali wa 1966 kurudi nyuma ni mpana na klipu zake ni nyingine. Kila kipande kina mipaka yake ya miaka, ndiyo maana nasisitiza kuulizia kwa namba ya kipuri kuliko kwa jina na mwaka. Namba za Volkswagen zina mpangilio wa tarakimu tatu tatu: kundi la katikati linaloanza na 8 ni la bodi, 845 likiwa la vioo na raba zake, na 853 likiwa la nyembe na nembo. Kwa vipande vyenye pande mbili, namba inayoishia na tarakimu witiri ni ya kushoto na shufwa ni ya kulia, na kushoto hapo ni kwa mtu aliyeketi ndani akitazama mbele. Muuzaji wa Marekani akikuandikia kwamba ana ukanda wa upande wa dereva, anamaanisha kushoto. Sisi huku dereva hukaa kulia. Nimeona watu wakilipia usafirishaji mara mbili kwa neno hilo moja.

Uzuri ni kwamba nyembe za nje hazijali usukani uko upande gani, kwa hiyo unaweza kutafuta Ujerumani, Marekani au Afrika Kusini, ambako Beetle ilitengenezwa Uitenhage hadi mwaka 1979. Urembo wa dashibodi ndio unaokubana, kwa sababu huo lazima utoke kwenye gari la usukani wa kulia. Jihadhari zaidi na spea za Brazil: wenzetu wale waliendelea kutengeneza bodi yenye madirisha madogo ya kabla ya 1965 kwa miaka mingi baada ya Ujerumani kuyapanua, hivyo raba ya kioo ya Brazil iliyoandikwa 1975 inaweza kuwa fupi kwa gari lako la 1968. Ukiagiza ukanda mrefu kutoka popote, mwombe muuzaji autie ndani ya bomba la plastiki la maji lililozibwa pande zote mbili, kwa sababu boksi la karatasi likikunjwa njiani ukanda nao umekunjika.

Kabla ya kuagiza, zunguka hapa mjini. Gerezani na Ilala wapo wauzaji ambao maghala yao yana vitu visivyowekwa mbele ya duka, na wengi wao hawatambui kipande kwa jina bali kwa macho. Nenda na ukanda wa kulia mkononi, hata ukiwa umebonyea, pamoja na karatasi uliyochorea umbo la ncha yake na umbali wa matundu. Mkaguzi wako mwingine awe sumaku ndogo. Nyembe za mlango za Beetle ni alumini, kwa hiyo sumaku haishiki na kipande ni chepesi sana. Bampa na vifuniko vya magurudumu ni chuma kilichopigwa nikeli, sumaku inashika. Mpini wako wa boneti ni zinki ya kusubu, yaani iliyoyeyushwa na kumiminwa kwenye kalibu, sumaku haishiki lakini ni mzito mkononi. Ukijua kipande ni cha metali gani ndipo utajua fundi yupi umpelekee, na dawa ipi itakiua.

Ukanda wa kulia usiutupe, unanyoosheka. Tatizo lake ni kwamba alumini ile ilipewa kiwandani ganda gumu la kuzuia kutu, na ukianza kugonga bila kuliondoa ganda litapasuka mistari midogo isiyofutika kwa kung'arisha. Liondoe kwa kostiki soda: gramu 50 hivi katika lita moja ya maji, ndani ya beseni refu la plastiki, mahali penye upepo, ukiwa umevaa glavu na miwani. Soda ndiyo inayomiminwa kwenye maji. Usimimine maji juu ya soda hata siku moja. Povu likianza na mng'ao ukageuka kuwa kijivu, toa ukanda, suuza kwa maji mengi na ufute weusi uliobaki. Kamwe usitumbukize humo mpini wa boneti, kwa kuwa kostiki inakula zinki pia.

Hatua inayofuata ni kuulainisha ukanda pale ulipobonyea, kwa maana alumini iliyokwisha kupigwa huwa ngumu na hukatika ukiilazimisha. Shida ni kwamba alumini haiwi nyekundu kabla ya kuyeyuka, na inayeyuka kwenye nyuzi 660 tu, kwa hiyo jicho peke yake halitakuonya. Mafundi hutumia sabuni ya mche: paka sabuni kavu sehemu ya kulainishwa, pitisha moto wa gesi kwa mbali ukiuhamisha bila kutulia, na sabuni ikigeuka kuwa nyeusi ondoa moto mara hiyo hiyo. Ukishapoa, laza ukanda kifudifudi kwenye ubao uliochongwa mfereji wa umbo lake, kisha sukuma bonde kutoka nyuma kwa kijiti cha mti mgumu chenye ncha ya duara. Hakuna kinachoshinda mpingo kwa kazi hii, na wachonga vinyago wa Mwenge wana vipande vya kubaki visivyofaa kwa kinyago lakini vinavyofaa kabisa kwa fundi bodi. Anza pembeni mwa bonde ukielekea katikati, kwa kusukuma kidogo kidogo. Ukigonga katikati kwa nguvu utapata kilima upande wa pili. Mabonde madogo yaliyobaki yapige tupa laini, fuata msasa wa maji wa 400, 600, 800 na 1200, kisha gurudumu la katani na mwisho la pamba lenye sabuni ya kung'arishia. Kwa kuwa ganda la kiwandani limeondoka, utaupaka nta kila baada ya miezi michache, hasa wewe unayeishi karibu na Daraja la Selander, ambako upepo wa bahari hufubaza alumini tupu haraka.

Wa kushoto, ikiwa hautapatikana, unaweza kutengenezwa. Umbo la ukanda ni lile lile, kinachotofautiana ni urefu na ncha, kwa hiyo kipande chochote cha ukanda wa toleo la 1967 au baadaye chenye urefu wa kutosha, hata kilichoharibika upande mmoja, kinaweza kukatwa na ncha zake kukunjwa upya kwa kufuata ule wa kulia kama picha ya kwenye kioo. Fundi atakayekushauri atumie bati la chuma kisichoshika kutu hakosei kwa uimara, ila rangi ya chuma hicho ina giza kidogo kuliko alumini, na kwenye mstari mmoja unaotoka mbele hadi nyuma ya gari mlango mmoja utajitenga. Nisingekubali hilo kwa mlango mmoja tu. Afadhali matundu yabaki wazi kwa muda, yakiwa yamepigwa rangi ya zinki ndani na kuzibwa kwa vizibo vidogo vya raba, kuliko kubandika plastiki yenye gundi inayohifadhi unyevu wa chumvi juu ya rangi mpya.

Klipu nazo ziangalie. Klipu za chuma zikigusana na alumini katika hewa ya pwani huanza kuliana, na kutu huanzia nyuma ya ukanda mahali usipoona mpaka rangi ifure. Tumia klipu za plastiki zinazoingia kwenye matundu ya gari lako, au kama ni za chuma, zivalishe kizibo cha raba kwenye tundu na uzipake grisi.

Kwa kioo cha mbele, raba zipo za aina mbili: yenye mfereji wa kuingizia ukanda na isiyo na mfereji. Kagua ya kwako kabla ya kununua ukanda, na kama imekakamaa nunua vyote kwa pamoja. Omba raba ya EPDM, ambayo inavumilia jua kuliko raba ya kawaida, na usiipake mafuta ya injini wala grisi wakati wa kufunga kwa sababu inavimba. Maji ya sabuni yanatosha. Mafundi wengi hufunga kioo kwanza halafu wakahangaika kuchomeka ukanda wa alumini, wakaukunja. Utaratibu sahihi ni raba ivalishwe kwenye kioo mezani, nusu mbili za ukanda ziingizwe kwenye mfereji na kuunganishwa kwa vifuniko vyake, ndipo kamba ipitishwe kwenye mfereji wa bodi, mtu mmoja aivute kutoka ndani huku mwingine akikandamiza kioo kwa viganja kutoka nje. Ukanda wa plastiki wenye rangi ya nikeli unaweza kuchomekwa baada ya kioo kufungwa, lakini juani mng'ao wake hubanduka. Uuchukue kwa muda tu.

Mpini wa boneti ndio mgumu kuliko vyote. Vishimo vile ni zinki iliyokwisha kuliwa kutoka chini ya nikeli, kwa hiyo kuupiga nikeli upya bila kuvichimba na kuvijaza ni kupoteza fedha. Mwulize fundi anaanza na tabaka gani. Asiyeanza na shaba juu ya zinki usimwachie, kwa sababu dawa ya nikeli yenyewe huila zinki tupu. Njia nyingine ni kuusubu upya kwa shaba nyeupe au ya njano, ukitumia mpini wa zamani kama kielelezo kwenye mchanga. Metali hizo husinyaa zikipoa, kiasi cha milimita 3 kwa kila milimita 200, hivyo kielelezo kiongezwe unene kwa nta au pati, na matundu ya boliti yatobolewe baada ya kusubu. Wanaofanya shughuli ndogo za viwanda eneo la SIDO (shirika la kuhudumia viwanda vidogo) Vingunguti ni mahali pazuri pa kuanzia kuulizia msubuji na mkerezaji.

Mpangilio wa kazi uwe hivi: nyembe zote, klipu na mpini vijaribiwe kwenye bodi ikiwa bado na rangi ya kwanza, matundu yarekebishwe, vyote vitolewe, rangi ya mwisho ipigwe na ikauke vizuri, ndipo kioo na urembo vifungwe. Ile bampa usiiuze haraka. Mwenye Beetle ya toleo la 1967 au ya nyuma kidogo anaitafuta, na huenda yeye ndiye mwenye ukanda wako wa kushoto.