Mtoto hufuta kazi nyingi kabla ya kuchagua moja

Kila mwaka, wanafunzi wa kidato cha nne wanapojaza Selform, fomu ya kuchagua masomo ya kidato cha tano au vyuo, wazazi huanza kunipigia simu. Mimi ni mwalimu wa sekondari mkoani Morogoro, na shuleni kwetu nimekabidhiwa pia unasihi. Swali lao huwa lilelile: "Mwalimu, huyu mtoto hajui anachotaka, tumfanyeje?" Kabla ya kujibu, huwauliza mtoto huyo alipokuwa darasa la pili alipenda kukaa na nani na kuangalia nini. Wengi hushangaa. Wanadhani habari ya kazi inaanza na tahasusi, yaani mchanganyiko wa masomo ya kidato cha tano, kumbe ilianza zamani, na ilianza kwa kufuta.

Mwanasaikolojia wa Marekani, Linda Gottfredson, aliliandika jambo hili mwaka 1981, na sijaona maelezo yanayofanana zaidi na ninayoyakuta darasani. Anasema mtoto wa miaka 3 hadi 5 anatambua tu kwamba kazi ni mambo ya watu wakubwa. Kati ya miaka 6 na 8 anazigawa: hizi za wanaume, hizi za wanawake, na zisizo za jinsia yake anaziweka kando. Kati ya 9 na 13 anaondoa zile anazoona hazina heshima, pamoja na zile anazoona zimemzidi uwezo. Kuanzia 14 ndipo anapojitazama mwenyewe, anapenda nini na anaweza nini. Lakini kufikia hapo anachagua katika yaliyobaki, na yale mengine hayarudi kirahisi, kwa kuwa hata hakumbuki kwamba aliwahi kuyafuta.

Nimeliona kwa mtoto wa kaka yangu. Alipokuwa na miaka 6, kila akitoka shule alisimama kwa fundi pikipiki wa mtaani kwao. Alijua plagi, alijua kabureta, na pikipiki ikipita barabarani alikuwa akisema, "Ile cheni imelegea." Siku moja mtu mzima mmoja akampitia hapo: "Wewe mtoto wa kike, toka, utachafuka oili. Hiyo ni kazi ya kaka zako." Hakugombezwa wala hakupigwa. Ila kesho yake alipita moja kwa moja hadi nyumbani. Nilipomuuliza akanijibu kwa utulivu kabisa, "Shangazi, mimi siyo mvulana." Nilimfuata fundi, nikamwomba amwite tena na ampe kitu cha kufanya, asimwache asimame tu. Fundi, Mungu ambariki, akaanza kumtuma spana: nipe namba kumi, nipe namba kumi na mbili. Sijui atakuja kuwa nani, na sihitaji kujua sasa. Nilichotaka ni asijifute akiwa na miaka 6.

Haya hayapo kwetu tu. Mwaka 1983 mtafiti David Chambers alichapisha utafiti wa watoto 4,807, wengi wao wa Kanada na Marekani, walioombwa wachore mwanasayansi. Waliochora mwanamke walikuwa 28, na wote 28 walikuwa wasichana. Hakuna hata mvulana mmoja.

Rika linalonisumbua zaidi, hata hivyo, ni lile la miaka 9 hadi 13, na hapa nasema na sisi wazazi moja kwa moja. Ni nani hajawahi kusikia "usiposoma utaishia kuuza nyanya"? Tunadhani tunamhimiza mtoto. Tunachofanya ni kumpa orodha ya watu wa kudharau, na mara nyingine mzazi wake yumo kwenye orodha hiyo. Kuna wakati niliwaambia kidato cha kwanza waandike kazi za wazazi wao. Kijana mmoja akaandika: "Mama: hana kazi." Mama yake namfahamu. Anafuata nyanya Mgeta, anazishusha soko la Chifu Kingalu, na mahitaji yote ya shule ya huyo kijana yanatoka kwenye matenga hayo.

Sikumsahihisha. Nilimpa yeye na wenzake kazi ya likizo: kaa na mtu mzima mmoja akiwa kazini, kisha uniletee majibu ya maswali haya. Anaamua nini kila siku? Akikosea anapoteza nini? Alijifunza kwa nani? Kijana alirudi na kurasa tatu. Aliandika jinsi mama yake anavyochanganya nyanya zilizoiva na za kuiva njiani, jinsi mvua ya mlimani inavyomwambia bei ya wiki inayofuata, na kwa nini hamkopeshi mteja fulani. Ni hesabu, ni kilimo, ni biashara. Fanyeni zoezi hili nyumbani, lifanyeni na kwa mtu wa maabara ya hospitali, na kwa fundi wa kuchomelea, na kwa karani wa mahakama kama mnamfahamu mmoja. Mtoto hawezi kutamani kazi ambayo hajawahi kuiona ikifanywa.

Halafu kuna vijana ambao hawawapi wazazi wasiwasi wowote, nao ndio wanaonipa wasiwasi mimi. "Nataka udaktari," basi. Mwaka 1966 mwanasaikolojia James Marcia alieleza hali ya kijana aliyekwisha kujifunga na uamuzi bila kupitia kipindi cha kutafuta, mara nyingi kwa kurithi matakwa ya wakubwa. Hao huwauliza hivi: Jumanne saa tano asubuhi, daktari yuko wapi na anafanya nini? Anayejibu kwa undani, hata akikosea, namwacha aendelee. Anayenyamaza namtafutia mtu wa kwenda kumwona.

Na yule asiyejua bado? Mwacheni apumue. Donald Super, aliyetafiti maendeleo ya kazi katika maisha, aliweka kipindi cha kutafuta kati ya miaka 15 na 24. Wa kidato cha nne ndiyo kwanza anakiingia. Kinachotakiwa ni uamuzi wa sasa usifunge njia bila yeye kujua. Kwa mfano, anayewaza udaktari wa binadamu akichagua CBG (kemia, baiolojia na jiografia), ajue shahada hiyo inadai fizikia, kemia na baiolojia, yaani PCB. Tahasusi zilipoongezwa mwaka 2024 zikafika 65, kwa hiyo msitegemee zile mlizosoma nyinyi. VETA nayo, mamlaka ya mafunzo ya ufundi stadi iliyoanzishwa kwa sheria mwaka 1994, isitajwe nyumbani kama adhabu ya waliofeli; nina wanafunzi niliowashauri waende huko kwa sababu mikono yao ilishaonyesha.

Matokeo yakishatoka hufunguliwa muda wa kubadilisha machaguo kwenye mtandao. Familia nyingi hupitwa na muda huo, au baba anabadilisha peke yake usiku. Ulizeni shuleni tarehe ya kufungwa, kaeni pamoja mkiwa na matokeo mbele yenu, na simu ashike mtoto.