Yakuti yangu imeingia utando: je, imenikataa?

SWALI: Mchumba wangu alininunulia pete ya dhahabu yenye yakuti nyekundu kwa kuwa nimezaliwa Julai. Ilinipwaya, tukaipeleka kwa sonara aipunguze. Iliporudi, kito kilikuwa na mistari myeupe kama utando wa buibui, na mng'ao umefifia. Senga wangu (shangazi) anasema yakuti ni jiwe la jua na limekataa nyota yangu, nisilivae siku ya kwanjula, sherehe ya kumtambulisha mchumba nyumbani kwetu. Kuna mtaalamu wa nyota anayetaka laki nane ili alisafishe, au nimwongeze pesa anibadilishie kwa yakuti ya buluu. Nifanyeje? (Msomaji, Bombo)

JIBU: Dada, usitoe laki nane. Usitoe hata elfu nane. Hilo jiwe halijamkataa mtu. Limeunguzwa, na pete za namna hiyo hunifikia mezani hapa Kampala mara kwa mara, kila moja ikiwa na hadithi yake ya mkosi.

Yakuti nzima haiogopi moto wa sonara. Huyeyuka ikikaribia nyuzi 2,050, na lehemu ya dhahabu hutiririka hata kabla ya kufika nusu ya joto hilo. Kwa hiyo yakuti ikitoka karakanani na mistari myeupe, kilichoharibika kwa kawaida ni kioo kilichofichwa ndani yake. Mawe haya yamejaa sokoni tangu miaka ya mwanzoni ya 2000. Huchukuliwa yakuti hafifu, yenye nyufa tele, isiyofaa kuwekwa kwenye pete; husafishwa kwa asidi, kisha huchomwa tanurini pamoja na kioo chenye madini ya risasi. Kioo huyeyuka na kupenya nyufa zote, na kile kilichofanana na kipande cha tofali kinageuka jiwe jekundu linalopitisha mwanga. Sonara wako alilehemu bila kuling'oa, halafu akaichovya pete kwenye asidi ili kuondoa weusi wa moto. Asidi ikala kioo. Mistari unayoiona ni nyufa zile zile za zamani, sasa ziko uchi.

Sonara naye hajatoka salama. Angetumia lenzi ya kukuza mara 10 angeona viputo vya hewa, na mmeko wa buluu kila anapoligeuza jiwe. Lakini aliyekosa kwanza ni muuzaji aliyenyamaza.

Sasa hilo la kukataliwa na jiwe. Senga wako namheshimu, na hakulitunga yeye. Elimu ya nyota ya Kihindi huipa yakuti nyekundu jua, na ya buluu huipa Zohali, sayari inayoogopwa kiasi kwamba wengine huambiwa walale na jiwe siku kadhaa kabla ya kulivaa. Ila tazama unachouziwa. Waarabu waliita yote mawili yakuti, wakatofautisha kwa rangi tu, na walikuwa sahihi: ni dutu moja, alumini na oksijeni. Ikiingia chembe ya kromiamu jiwe linakuwa jekundu. Ikiingia chuma na titani linakuwa la buluu. Kwa hiyo mtaalamu wenu anakuondolea jiwe lililokukataa, kisha anakuuzia ndugu yake wa tumbo moja, kwa nyongeza.

Maana za vito mimi sizidharau. Nimewauzia watu feruzi ya kukinga hasidi na zumaridi ya kutakiana heri, wakafurahi, nami nikafurahi. Amethisti jina lake kwa Kigiriki ni kama kusema "asiyelewa", na walioivaa waliendelea kulewa vizuri tu. Maana hupewa na watu, na mara nyingine na wafanyabiashara. Orodha ya mawe ya miezi, iliyokupa yakuti ya Julai, ilipangwa na chama cha masonara wa Marekani mwaka 1912. Tanzanaiti, iliyogunduliwa Mererani mwaka 1967, iliongezwa kwenye Desemba mwaka 2002. Kama nguvu imo ndani ya jiwe tangu kuumbwa kwa dunia, ilikuwa ikingoja kikao cha nani?

Kinachoniudhi ni kwamba hofu hii ndiyo inayowalisha matapeli. Jiwe bandia likichakaa, mwenye kulivaa haendi kudai pesa zake. Anakwenda kutafuta dawa. Kila nguzo ya umeme mjini ina karatasi ya pete ya utajiri, pete ya kesi, pete ya kumrudisha mume. Zilizoletwa kwangu nizikague zilikuwa kioo chekundu, na chini yake karatasi ya kung'arisha.

Wala msijidanganye na vipimo vya nyumbani. Kulipulizia pumzi, kukwaruza dirisha, kulimulikia tochi ya simu: yakuti ya kutengenezwa hupita yote, kwa sababu ni yakuti kweli, ila imekuzwa kwa moto. Mfaransa Verneuil alitangaza namna ya kuifanya mwaka 1902, na leo ni rahisi mno. Hiyo hutambuliwa kwa hadubini, kwa mistari iliyopinda ndani yake. Yakuti yako iliyojazwa kioo nayo ingekwaruza dirisha bila shida.

Wala si kila jiwe lililochomwa ni la wizi. Tanzanaiti karibu zote huchomwa ili buluu itokee, zumaridi nyingi hutiwa mafuta kwenye nyufa, na biashara nzima inajua. Ulaghai ni kutosema. Mwambieni muuzaji aandike kwenye risiti: jiwe ni la asili au la kutengenezwa, limechomwa tu au limejazwa. Akikataa kuandika, rudisheni pesa mfukoni.

Kuhusu pete yako: chukueni risiti, mrudi wote wawili kwa aliyeuza kabla ya kugombana na sonara. Akiwafukuza, dhahabu bado ni yenu. Ng'oeni hilo jiwe, muweke ganeti nyekundu, ambayo ina bei ya kistaarabu na kwa kawaida haichomwi wala kujazwa. Kwenye orodha ile ni jiwe la Januari, na sijaona Januari ikimdhuru mtu wa Julai.

Ukitaka kuivaa kwenye kwanjula ilivyo, ivae. Ila isikaribie ndimu, maana juisi yake hula kioo hicho kama asidi ya karakanani. Samaki wa siku hiyo waoshwe na mwingine.