BMP-1 kwenye War Thunder: maswali kutoka Uyole hadi Makambako

Maswali ya safari hii kuhusu War Thunder, gemu ya vita inayochezwa mtandaoni, karibu yote yanahusu gari moja, BMP-1: gari jepesi la deraya la Kisovieti, lililotengenezwa kubeba askari wa miguu na kupigana pamoja nao. Nalipenda sana gari hili na naamini wengi wanaliacha mapema mno, kwa hiyo mengine yatasubiri.

Nina BMP-1 na kila mechi nakufa dakika za mwanzo, mara nyingine kwa rashasha tu. Nimepoteza pointi zangu za utafiti bure? (Msomaji wa Uyole, Mbeya)

Hujapoteza pointi hizo za kufungulia magari, mdogo wangu. Tatizo ni kwamba unaliendesha kama kifaru, na lenyewe si kifaru. BMP-1 ina tani 13 hivi. T-55, kifaru cha jeshi hilohilo cha enzi zilezile, ina tani 36. Sehemu kubwa ya tofauti hiyo ni chuma ambacho wewe huna. Walioibuni miaka ya 1960 walitaka gari linalokimbia kilomita 65 kwa saa barabarani, linaloelea majini, na lenye nafasi ya askari 8 nyuma. Bamba la mbele linahimili rashasha nzito. La ubavuni limetengenezwa kwa risasi za bunduki za kawaida. Ukimgeuzia ubavu mtu mwenye rashasha ya milimita 12.7, risasi zinapita mpaka ndani.

Sasa fungua picha ya ndani ya gari uone watu wamekaa wapi. Injini iko mbele kulia. Dereva yuko mbele kushoto, na kamanda yuko nyuma yake, upande uleule. Mpiga mzinga yuko peke yake juu kwenye tareti, yaani kile kibanda kinachozunguka na mzinga. War Thunder haina ule mstari wa uhai unaopungua kidogokidogo. Gari hufa wahudumu wakiisha, na akibaki mmoja peke yake hesabu imefungwa. Risasi moja tu ya upande wa kushoto inaweza kuwachukua dereva na kamanda kwa pamoja.

Kwa hiyo ukichungulia pembeni mwa nyumba, nyumba iwe kushoto kwako, ili upande unaotokeza uwe wa kulia. Injini ikipigwa utasimama, lakini mzinga bado unafanya kazi na una nafasi ya kujibu. Na usikae uwanja wa wazi: risasi kubwa ya mlipuko ikigonga gari jepesi kama hili, shinikizo lake huua wote waliomo hata bila kutoboa vizuri.

Kamwene! Nikipanda kilima naona maadui wote chini, lakini mzinga unagoma kushuka. Ni hitilafu ya gemu? (Msomaji wa Mafinga)

Kamwene, kaka. Si hitilafu. Gari lilizaliwa hivyo, na swali lako ndilo ninalotaka kulikalia.

BMP-1 ina kimo cha mita 2 na kidogo. Ni fupi mno, na ufupi huo ndio unaoificha. Lakini tareti ikiwa fupi, sehemu ya nyuma ya mzinga inakosa nafasi ya kuinuka ndani, na isipoinuka nyuma, mdomo haushuki mbele. Matokeo yake mzinga wa BMP-1 unashuka nyuzi 4 tu. Leopard 1 ya Ujerumani inashuka nyuzi 9. Kwenye karatasi tofauti inaonekana ndogo, kwa hiyo tuipige hesabu. Gari likiwa limesimama sawa, nyuzi 4 zinakuruhusu kumpiga mtu aliye mita 100 mbele yako akiwa chini yako kwa mita 7, basi. Mwenye nyuzi 9 anamfikia aliye chini kwa karibu mita 16.

Halafu kumbuka kwamba kilimani gari halisimami sawa. Ukijificha nyuma ya kilele, pua yako inaangalia juu. Mteremko wa nyuzi 4, ambao mtu wa Nyanda za Juu Kusini hauhesabu hata kuwa mteremko, umeshakula zote ulizokuwa nazo. Aliyewahi kupanda jiwe la Gangilonga pale Iringa anajua jinsi mji mzima unavyolala chini yake. Ukiiweka BMP-1 juu ya jiwe lile utauona mji wote na hutapiga nyumba hata moja. Ukijaribu kujisogeza mbele ili mdomo ushuke, utakuwa umelionyesha gari zima juu ya kilele huku anga ikiwa nyuma yako, na kila aliye bondeni atakuona.

Fanya kinyume: pigana kutoka chini. Mzinga huohuo unapanda hadi nyuzi 30 hivi. Kaa chini ya kilima, kwenye kivuli cha nyumba au kwenye mkondo mkavu, na umsubiri anayejitokeza juu. Yeye anatoa kichwa kilimani akitafuta vifaru vinavyokuja, na wewe uko upande wake, kimo cha mita 2, nyuma ya kichaka. Tumia pia uwezo wa upelelezi ambao gemu imeyapa magari mepesi: mtie alama adui ambaye huwezi kumtoboa, ili wenzako wenye mizinga mikubwa wamwone. Unalipwa kwa kazi hiyo, na ni kazi halali kabisa. Vijana wengi wanaona aibu kumaliza mechi bila kuua. Mimi namheshimu zaidi aliyeifungulia timu njia.

Kombora la Malyutka linanishinda kabisa. Nifanyeje? (Msomaji wa Kihesa, Iringa)

Malyutka, lile kombora la kupigia vifaru ambalo BMP-1 inalibeba pamoja na mzinga wake, ni la kizazi cha kwanza. Halifuati nukta unayolenga; unaliongoza kwa mkono kuanzia linatoka mpaka linagonga. Kasi yake ni mita 120 hivi kwa sekunde, kwa hiyo adui aliye kilomita moja utamfikia baada ya sekunde 8 na ushee. Kifaru kinachokimbia kilomita 40 kwa saa kitakuwa kimeshasogea karibu mita 90 kutoka pale ulipokiona. Usimpige anayekimbia. Mtafute aliyesimama akilenga wengine, naye awe mbali, kwa sababu hata kombora lenyewe lilitengenezwa kwa umbali wa kuanzia mita 500. Likitoka, liongoze juu ya mstari wa macho yako, lishushe mwishoni, na usilisukumesukume; mkono ukihangaika nalo linahangaika.

Usilidharau hata hivyo. Mwaka 1973, kwenye vita vya Oktoba, askari wa miguu wa Misri walivisimamisha vifaru vingi vya Israeli kwa Malyutka. Linatoboa milimita 400 za chuma. Risasi ya mzinga wako inatoboa karibu 300. Kwa wale wa karibu mzinga unatosha, ila hakikisha hakuna uzio au mti mwembamba katikati, maana risasi ile hulipuka kwenye kitu cha kwanza inachokigusa.

Huku kwetu mtandao unasuasua. Nichague seva ipi, na bando langu litatosha? (Msomaji wa Tukuyu)

Chagua Ulaya, kisha uzime nyingine ili mfumo usikutupe mbali. Data zako zinasafiri kwanza mpaka Dar es Salaam, ndipo ziingie kwenye nyaya za baharini. Kwenda na kurudi Ulaya hakuwezi kuwa kwa kufumba na kufumbua hata mtandao wako ungekuwa bora kiasi gani. Ndiyo sababu nyingine ya kucheza kwa kuvizia: anayesubiri haumizwi sana na kuchelewa kama anayekimbizana. Kucheza kwenyewe kunakula data kidogo kuliko kutazama video. Kinachomaliza bando ni kupakua gemu, ambayo ni makumi ya gigabaiti, na masasisho yake. Zima masasisho ya kujiendesha, uyapakue usiku kwa kifurushi cha usiku.

Mwanangu wa kidato cha pili anacheza hii gemu kwa kaka yake. Niwe na wasiwasi? (Mama, Makambako)

Shikamoo mama, na asante kwa kuuliza badala ya kukataza tu.

Gemu haionyeshi damu. Linalohitaji jicho lako kwanza ni pesa. Kucheza ni bure, lakini ndani yake wanauza sarafu iitwayo tai wa dhahabu, magari maalumu na muda wa kupanda daraja haraka, vyote kwa pesa halisi. Kadi ya benki au simu yenye pesa isiunganishwe na akaunti yake. Pili, kuna maandishi ya kupigiana soga na wageni, na lugha yake mara nyingi ni chafu. Kaka yake anaweza kuyazima kwenye mipangilio.

Na kuna jambo ningependa umwambie wewe mwenyewe. Ndani ya gemu vile viti 8 vya nyuma ni vitupu. Vitani havikuwa vitupu, na milango ya nyuma waliyotokea askari hao ndiyo pia iliyokuwa matangi ya mafuta. Mtoto anayependa magari haya anastahili kujua hilo. Akilijua atasoma historia yake kwa moyo mwingine.

BMP-1 inaelea kweli? (Msomaji wa Mbalizi)

Inaelea, kwenye gemu na nje yake. Minyororo ndiyo inayosukuma maji, kwa mwendo wa kilomita 7 hivi kwa saa. Vuka pale tu ambapo hakuna anayekuona.

Nisubiri BMP-2 au niendelee na hii? (Msomaji wa Njombe)

Endelea nayo, dada, huku ukiitafuta BMP-2, gari lililoifuata BMP-1. Ile iliyoanza kutumika 1980 ina mzinga wa milimita 30 unaopiga mfululizo na kupanda hadi nyuzi 74, kamanda amehamia kwenye tareti pamoja na mpiga mzinga, na kombora lake la Konkurs linafuata pale unapolenga. Utaona mapigano yamekuwa mepesi. Lakini mzinga wake unashuka nyuzi 5 tu, kwa hiyo yale niliyomwambia kaka wa Mafinga utayahitaji tena huko.