Maswali ya Wasomaji: Gari Mchangani, Kaskazini mwa Malindi

Barua za mwezi huu ni za wanaotaka kufika fuo zisizo na hoteli wala vibanda, hasa ule mchanga mrefu wa kutoka Mambrui kuelekea Ngomeni.

Twatoka Kisauni watu watano, gari ni 4x4. Twende siku gani, na saa ngapi tuteremke mchangani? — Msomaji, Kisauni

Ndugu yetu, kabla ya kuomba likizo angalieni mwezi. Wakati wa bamvua, yaani mwezi mwandamo na mwezi mpevu pamoja na siku mbili tatu zinazofuata, maji ya pwani yetu hupwa sana kati ya saa nne na saa tano na nusu asubuhi, halafu hujaa kati ya saa kumi na saa kumi na moja na nusu jioni. Anayefuata tarehe za Kiislamu ana kazi rahisi: 1 hadi 3, na 15 hadi 17. Ingieni mchangani masaa mawili kabla ya maji kupwa kabisa, na masaa mawili baada ya hapo gari liwe limeshatoka. Kila siku inayofuata, saa hizo huchelewa kwa kiasi cha dakika 50. Halmashauri ya Bandari, KPA, huchapisha jedwali la maji ya Kilindini, na tofauti yake na Malindi ni ndogo.

Maji mafu, tarehe 8 na 22 hivi za Kiislamu, huwadanganya wageni. Bahari inaonekana imetulia, lakini maji hayapwi mbali, kwa hiyo ukanda wa mchanga mgumu hubaki mwembamba. Tena siku hizo maji hujaa mnamo saa nne asubuhi, wakati ndio kwanza mmefika na vikapu vyenu.

Wengi hunaswa kwa kudhani maji hurudi kwa mwendo mmoja. Lisaa la kwanza hupanda kidogo mno, mtu akasema bado mapema. Lisaa la tatu na la nne ndiyo hatari, kwani nusu ya maji yote huingia katika masaa hayo mawili. Bamvua ya huku kwetu hupanda zaidi ya mita 3, na kwenye ufuo uliolala hiyo ni hatua nyingi sana kwa upana.

Pa kupita ni mchanga mbichi uliokaza, chini ya mstari wa mwani na takataka ulioachwa na maji ya mwisho. Juu ya mstari huo mchanga ni mkavu na hauna mshiko. Chini kabisa, pale panapong'aa maji, mchanga umelewa maji: ukisimamisha gari dakika kumi, magurudumu huzama. Na kabla ya kuteremka, ulizeni BMU, yaani kikundi cha wavuvi kinachosimamia ufuo wa pale, kama magari yanaruhusiwa sehemu hiyo. Wao ndio wanaojua nyavu zimetandazwa wapi na mwamba umejificha wapi. Ndani ya hifadhi za bahari za Malindi na Watamu msiulize hata, gari haliteremki.

Nina Probox. Rafiki yangu asema nikipunguza upepo nitapita. Kweli? — Msomaji, Changamwe

Rafiki yako amesema nusu. Kupunguza upepo ndiko kunakosaidia kuliko nguvu za injini, kwa sababu tairi hurefuka na kulala juu ya mchanga badala ya kuukata. Lakini Probox yako, kama nyingi za huku, huvutwa na magurudumu mawili, na tumbo lake liko chini. Likigusa mchanga, magurudumu hubaki yakizunguka hewani. Probox ina sifa zake nyingi. Hii si mojawapo. Iegeshe juu kwenye barabara, mshuke kwa miguu.

Mwenye 4x4 afanye hivi. Pima upepo asubuhi tairi likiwa baridi, maana joto la safari hupandisha kipimo. Kama barabarani unatumia pauni 32 hadi 35, mchangani shuka hadi 18 au 20. Usizidi mwendo wa kilomita 30 au 40 kwa saa, usikate kona kali, na upite mbali na mwamba: tairi lililolegea hutokeza ubavu nje, na ubavu ndio mwembamba. Ukirudi kwenye lami, jaza kabla ya kwenda mwendo wowote wa maana. Tairi laini likikimbizwa kwenye lami hujikunja na kupata joto mpaka linapasuka. Pampu ndogo ya kuchomeka kwenye gari huchukua dakika 5 hadi 10 kwa kila tairi. Iache injini ikiwaka, usije ukamaliza upepo na betri pamoja.

Gari likizama tufanyeje? Mwaka jana tulisukuma mpaka tukachoka. — Msomaji, Likoni

Mlisukuma kabla ya kuchimba, ndiyo sababu. Gari likianza kuwa zito, toa mguu kwenye mafuta mara moja. Kila mzunguko wa bure unachimba shimo. Breki pia usiikanyage kwa nguvu, maana hurundika kilima cha mchanga mbele ya kila tairi. Liache lisimame lenyewe.

Kisha toeni mizigo na watu. Chimbeni kwa chepe mbele na nyuma ya magurudumu yote manne, si lile moja linaloonekana limezama, na mwondoe mchanga uliogusa tumbo la gari. Hapa ndipo watu huchoka na kukatiza kazi. Shusheni upepo hadi pauni 15, ikishindikana, 12. Chini ya hapo tairi linaweza kuvuka ukingo wa ringi. Nyoosheni usukani, wekeni gia ya nguvu, mrudi nyuma polepole kwa kufuata alama zenu wenyewe, kwani mchanga huo umeshashindiliwa. Makuti au magunia chini ya tairi husaidia sana, ila mtu asisimame mbele wala nyuma ya gari: tairi likishika huyarusha kama kombeo. Jeki bila kipande kipana cha ubao chini yake huzama yenyewe.

Na kama maji yanarudi na hamjatoka, piga simu kwa mwenye trekta mapema. Hakikisheni mna namba yake tangu Mambrui.

Je, tutaona kasa? Na kuendesha gari kwaweza kuwadhuru? — Msomaji, Majengo

Dada yetu, kwaweza. Afrika Kusini iliyazuia magari ya starehe kwenye fuo zake tangu mapema miaka ya 2000, na uharibifu wa aina hii ni moja ya sababu. Kasa hupanda usiku na kutaga juu ya mstari wa maji kujaa, ndani ya shimo la nusu mita hivi, mayai mia moja na zaidi. Huku kwetu hutaga zaidi kati ya Machi na Julai, na mayai huanguliwa baada ya miezi miwili hivi. Juu huoni kitu, mchanga tu. Gari likipita hapo hushindilia mchanga na watoto hushindwa kutoka. Hata bonde la tairi lina madhara yake: kitoto kisichozidi kidole kwa urefu huingia humo, hakiwezi kupanda, hutembea sambamba na bahari mpaka kaa au jua likimalize. Ndiyo maana tunasisitiza chini ya mstari wa mwani, na mkiondoka mfukie mabonde kwa chepe.

Alama za mama kasa hufanana na za tairi la trekta, zikipanda na kushuka. Mkiziona, rudini nyuma. Usiku msiendeshe kabisa: watoto hufuata mwangaza wa upeo wa bahari, na taa za gari huwavuta nchi kavu. Mkimkuta anapanda, zimeni tochi na simu, mkae kimya mbali nyuma yake. Akishtuka hugeuka na kurudi majini bila kutaga. Aliyejeruhiwa au aliyenaswa, waarifuni KWS, shirika la wanyamapori, au Local Ocean Conservation ya Watamu inayotibu kasa.

Watoto wanaweza kuoga kwenye mlango wa mto Sabaki? — Msomaji, Bamburi

La. Mna viboko na mamba, na maji ni ya rangi ya udongo, huoni kilicho chini. Simameni mbali na darubini. Kuna heroe, na kati ya Septemba na Aprili ndege wa pwani wanaokimbia baridi ya kaskazini. Gari lisikaribie kingo: ni tope lililofunikwa mchanga mwembamba.

Maji ya chumvi yataniharibia gari? — Msomaji, Tudor

Yataanza siku hiyo hiyo. Osha gari kwa maji yasiyo na chumvi chini kabisa, springi, diski na ndani ya bampa, kabla hujalala. Kuosha bodi pekee ni kujipendekeza kwa majirani.