Hasi mbili "mara nne" ni ngapi?

SWALI: Nilimwandikia binti yangu, "Zidisha hasi mbili mara nne," nikitaka kipeo cha nne, jibu 16. Akaleta −8. Nikabadilisha, nikaandika −2⁴. Akaleta −16! Nani kakosea?

JIBU: Mzazi mwenzangu, binti yako hajakosea popote.

Kilichokuponza kwanza ni neno "mara". Lina kazi mbili. Kwenye jedwali la kuzidisha, "mbili mara nne" ni nane. Kwenye maongezi, "nilimwita mara nne" ni idadi ya kurudia tendo. Wewe ulikusudia hii ya pili. Yeye akasikia ile aliyoikariri tangu madarasa ya chini. Hata ukisema "izidishe kwa yenyewe mara nne" hujapona, kwa sababu mbishi atahesabu alama za kuzidisha badala ya namba: alama nne, hasi mbili tano, jibu −32. Sema tu "hasi mbili kwa kipeo cha nne", yaani (−2) × (−2) × (−2) × (−2). Ulimi usiteleze ukasema "kipeuo", maana kipeo cha pili cha 9 ni 81, ilhali kipeuo chake cha pili ni 3.

La pili ni mabano. Kipeo hushika kile kilichoandikwa kabla yake papo hapo, basi. Katika −2⁴ kimeshika 2 peke yake, na alama ya hasi imebaki nje ikisubiri: 2⁴ ni 16, ukiitia hasi ni −16. Ulichotaka ni (−2)⁴. Ile MAGAZIJUTO (mabano, gawanya, zidisha, jumlisha, toa) tuliyoimba shuleni haikuokoi, kwani haina herufi ya kipeo. Kiweke baada ya mabano, kabla ya kugawanya.

Kosa hili hujificha kipeo kikiwa witiri, kwa kuwa (−2)³ na −2³ zote ni −8. Shufwa ndiyo inayoumbua. Wala usikimbilie kompyuta ikuamulie: Excel ukiiandikia =-2^4 hukupa 16, kinyume na kanuni ya vitabuni.

Kwa mdomo mabano hayasikiki. Mimi (−2)⁴ huisoma "hasi mbili yote, kwa kipeo cha nne", na −2⁴ huisoma "hasi ya kipeo cha nne cha mbili". Ni ndefu kidogo, lakini mwanafunzi haulizi mara mbili.