Namna ya kusema "huenda" katika Kiingereza cha ripoti

Huku Nyegezi, Mwanza, chuo kiko jirani, na wanafunzi huniletea ripoti zao za utafiti niwapitishie macho Kiingereza kabla hazijaenda kwa msimamizi. Wengi sarufi wanaijua vizuri. Kinachowakwamisha ni kusema jambo ambalo hawana uhakika nalo kamili. Mmoja atalitamka kwa nguvu zote kana kwamba ameshuhudia kila kitu, mwingine atalizungushia "I think" na "maybe" mpaka hoja haionekani. Wote wawili wanapoteza alama ambazo walistahili kuzipata, na hilo linaniuma, kwa sababu utafiti wenyewe mara nyingi ni mzuri.

Binti mmoja alikuwa anatafiti bei ya dagaa pale soko la samaki la Mwaloni, Kirumba. Sura ya nne aliandika hivi: "I think full moon makes the price of dagaa to rise because everybody knows." Kwa mtu wa Mwanza habari hiyo haina ubishi. Dagaa huvuliwa kwa taa usiku wa giza. Mbalamwezi ikikolea, taa hazivuti kitu, mitumbwi inapumzika na mzigo unapungua sokoni. Lakini angalia, sentensi yake imebeba mambo mawili yasiyolingana uzito. La kwanza ni wavuvi kupumzika wakati wa mwezi mpevu. Hilo alilishuhudia mwenyewe, na wahojiwa wake walilisema. La pili ni kwamba mapumziko hayo ndiyo yaliyopandisha bei. Hilo ni hitimisho lake, na lina mshindani: kipindi kile kile mvua zilikuwa zinanyesha, na mvua ikinyesha dagaa walioanikwa mchangani hawakauki.

Tukakaa, tukaiandika upya: "Most fishermen suspend lamp fishing around the full moon. The rise in price during this period may be linked to reduced supply, although rain, which delays drying, could also have played a part." Sentensi ya kwanza haina shaka yoyote, kwa sababu haihitaji. Shaka imewekwa kwenye uhusiano kati ya mwezi na bei tu, mahali ambapo ushahidi wake unalegea. Mdogo wangu unayeandika ripoti sasa hivi, ukishika hili moja umeshika sehemu kubwa ya kazi: usinyunyizie shaka ukurasa mzima. Tafuta pale ushahidi wako unapoishia, uiweke hapo.

Sasa, nani anasema? Kiingereza rasmi kina njia kadhaa za kutoa hoja bila kumtaja msemaji, na kila moja ina kazi yake. "It appears that" inafaa pale data zako zinapoonyesha kitu. "It could be argued that" inamwahidi msomaji kwamba hoja inakuja; ukiiandika halafu usilete hoja, umemwacha njiani. "It has been suggested that" inadai jina la mtafiti na mwaka, maana msomaji atauliza mara moja ni nani aliyependekeza. Ile tunayoipenda sana, "It is said that", ndiyo dhaifu kuliko zote. Sisi tumezoea "inasemekana" katika mazungumzo na taarifa za habari, nayo inatosha kabisa huko. Kwenye ripoti inaonekana kama umeokota uvumi. Kama ni wauza samaki waliosema, waandike wao: "Several traders reported that…"

Kuna pia "one". Nguvu yake naiona zaidi unapotaka kuweka tarajio kisha ulipinge kwa matokeo yako: "One might expect prices to fall in the dry season. The data, however, show otherwise." Hapo inapendeza. Ukiirudia sentensi tatu mfululizo inachosha, na usiichanganye na "you" ndani ya aya moja. Kuhusu "I", muulize msimamizi wako. Idara nyingine hazitaki kuiona, ilhali mwongozo wa uandishi wa APA (Chama cha Wanasaikolojia cha Marekani), toleo la saba, unairuhusu pale mwandishi anapoeleza alichofanya mwenyewe, na haupendi mtu ajiite "the researcher".

Kwenye vitenzi visaidizi watu huhangaika kutafuta tofauti ya "may" na "might". Ni ndogo; wengi husikia "might" ikiwa na uhakika pungufu kidogo, na hakuna msahihishaji atakayekugombeza kwa hilo. "Could" inakusaidia kuonyesha kwamba sababu hii ni mojawapo kati ya nyingi. "Would" hulainisha: "It would seem that…" "Can" iache kwa mambo yanayotokea kwa kawaida, kama "Heavy rain can spoil dagaa", usiitumie kukisia tukio moja mahususi. Umbo nalo uliangalie. Baada ya vitenzi hivi hakuna "to" wala "s": "might affect", si "might affects" wala "might to affect". Ukikisia jambo lililokwisha kupita, ni "may have reduced". Na "may be" ya kitenzi ni maneno mawili.

Pa hatari zaidi ni kwenye kukanusha. "The figures may not be correct" maana yake huenda takwimu si sahihi. "The figures cannot be correct" maana yake haiwezekani zikawa sahihi, na hapo umemwambia mtu kwamba amekosea. Halafu "may not" ina maana nyingine ya katazo. Ukiandika "Fishermen may not use small-mesh nets", msomaji wa masuala ya uvuvi ataelewa kwamba hawaruhusiwi, na wewe ulitaka kusema huenda hawatumii. Andika "It is possible that fishermen do not use…" na utata unaisha.

Wanaoandika kuhusu ziwa lenyewe wanakutana na mtihani mgumu zaidi, ule wa sangara (Nile perch) na furu, wale samaki wadogo wa ziwani ambao kwa Kiingereza huitwa haplochromines. Sangara aliingizwa Ziwa Victoria miaka ya 1950 na mwanzoni mwa 1960, akaongezeka kwa kasi miaka ya 1980, na aina nyingi za furu zikatoweka au kupungua mno. Mwanafunzi anaandika "Nile perch destroyed all haplochromines", kisha akiambiwa apunguze makali anakimbilia "Nile perch may have eaten some haplochromines". Hapo amevuka mpaka upande wa pili. Kwamba sangara alikula furu halina mjadala. Watafiti wanachojadili ni uzito wa sababu nyingine zilizokuwepo wakati ule ule: rutuba kuzidi majini (eutrophication), mwani kuongezeka, maji kupoteza uangavu, oksijeni kupungua vilindini, na uvuvi. Mimi ningeandika: "Predation by Nile perch was a major cause of the decline, but eutrophication may also have contributed." Nusu ya kwanza imesimama wima, ya pili imeinama kidogo, na kila moja inalingana na kinachojulikana.

Epuka pia kurundika. "It may possibly seem that perhaps" haikuongezei unyenyekevu, inamfanya msomaji adhani hukufika uwandani. Shaka moja kwa dai moja inatosha.

Ukifika sura ya mapendekezo, badilisha mwendo. Hapo hukisii tena, unashauri, kwa hiyo hapo ndipo mahali pa "should". Nimeona mapendekezo yenye manufaa kwa kina mama wanaoanika dagaa yakiandikwa "The council may perhaps consider…", na afisa akisoma hivyo hana cha kufanya kesho yake. Andika "The council should provide raised drying racks at landing sites", kisha taja aliyekueleza hasara ya kuanika mchangani na ukurasa wa ripoti yako ulipoonyesha hilo.