Askaris Hawapungui, Dughulushi Linakwisha: Tunajibu Maswali Yenu

Askaris, wale minyoo wa tumboni, wamejaa Dar, lakini dughulushi, lile ua la zambarau la Usambara, liko hatarini. Kwa nini? (Temeke)

Jike moja la askaris hutaga hata mayai 200,000 kwa siku, lakini kinachoamua zaidi ni makao. Mnyoo huyu huishi ndani ya utumbo wa binadamu, na binadamu yuko kila mahali. Mayai yakitoka na kinyesi hukomaa kwenye udongo wenye joto na unyevu kwa wiki 2 hadi 4, kisha yanaweza kudumu humo miaka. Dughulushi nalo lina mbegu nyingi, ndogo kama vumbi, ila miche yake huhitaji mwamba wenye kivuli na unyevu. Mti wa juu ukikatwa, jua hulikausha. Yale ya vyunguni yanayouzwa Ulaya, ambayo asili yake ni mbegu zilizopelekwa Ujerumani mwaka 1892, hayawezi kufidia msitu uliokatwa. Mwenye kulipenda ua hili na ailinde miti ya msitu wa Amani, huko Usambara.

Majani ya dughulushi ninayootesha yanaoza. (Mikocheni)

Maji yamezidi. Kata jani lenye kikonyo cha sentimita 3, ulichomeke kwenye mchanganyiko wa mboji ya majani na mchanga mnene, nusu kwa nusu. Weka chungu kwenye sahani ya maji kwa dakika 20, kisha mwaga yanayobaki. Rudia udongo wa juu ukikauka. Usimwagie majani, na usilianike juani; joto la Dar tayari ni kali kwa mmea wa milimani.

Mwanangu huchezea udongo wa chungu. Atapata minyoo? (Mbagala)

Anaweza, ikiwa udongo umetoka mahali penye kinyesi cha watu. Uloweshe kidogo, uupike kwa mvuke dakika 30: mayai hayahimili joto kali, ila dawa ya klorini huyaacha hai. Mtoto anawe kwa sabuni, na kucha zikatwe.

Mwanangu alimeza dawa ya minyoo, albendazole, baada ya miezi 3 minyoo tena! (Kigogo)

Albendazole huua minyoo waliomo utumboni, haimkingi asimeze mayai mengine. Yai likimezwa, kiluwiluwi (mnyoo mchanga) hupita ini na mapafu, hurudi utumboni, na baada ya miezi 2 hadi 3 jike huanza kutaga. Dozi ni miligramu 400 mara moja. Mtoto wa mwaka 1 hadi chini ya 2, miligramu 200. Mjamzito wa miezi 3 ya kwanza asiimeze. Tumbo likivimba huku anatapika, mpelekeni hospitali siku hiyohiyo: minyoo wengi huweza kuziba utumbo.